Mafua yasiyoisha na gesi inayotengenezwa puani

Huku kaskazini hita zimeshaanza kuwashwa, na walio Muscat na Dubai bado hawajazima viyoyozi. Kwenye hita na kwenye kiyoyozi, pua ndiyo inayoumia kwanza, kwa hiyo sishangai kwamba barua nyingi za msimu huu ni za mafua. Leo nataka tusome moja tu, maana ndani yake mna mambo yanayohusu nyumba nyingi. Mwenyewe ameniruhusu niitumie bila jina lake.

"Assalaam aleikum dada. Mimi ni mama wa watoto watatu, niko Uingereza mwaka wa nne sasa. Nina sainasi inayonisumbua kila baridi ikiingia: kichwa kizito, uso unauma chini ya macho, pua imeziba. Kwenye kundi letu la WhatsApp la familia imeletwa sauti ya mtu anayesema pua ina gesi yake inayoua vijidudu, na kwamba ukifunga mdomo ukavuma 'mmmm' mara mia kwa siku, sainasi inapona bila dawa. Shemeji yangu anaapa kuwa imemsaidia. Je, ni kweli, au ni yale yale ya mitandaoni? Nimeanza kumfanyisha na mwanangu wa miaka saba, maana yeye mafua na kikohozi cha makohozi havijamwacha tangu alipozaliwa Unguja. Hata siku zile za kwanza alikaa kwenye oksijeni. Wote wananiambia ni baridi ya huku, akikua ataacha."

Barua hii ina swali moja na habari moja. Swali ni la kuvuma. Habari ni ile ya mtoto mwishoni, iliyoandikwa kama kwa kupita tu. Nitajibu swali kwanza, kwa sababu ndilo aliloliuliza, na kwa sababu jibu lake ndilo litakalotufikisha kwa mtoto.

Vyumba vilivyo nyuma ya uso

Ndani ya mifupa ya uso mna vyumba vyenye hewa. Viko jozi nne: viwili vikubwa ndani ya mashavu, viwili juu ya nyusi, kundi la vidogo vidogo vilivyosongamana kati ya macho na pua, na viwili vilivyo ndani kabisa, nyuma ya pua. Hivyo ndivyo vinavyoitwa sainasi. Kwa hiyo sainasi si jina la ugonjwa. Kila mtu anazo. Ugonjwa ni pale ngozi yake ya ndani inapovimba na vyumba vikajaa.

Kila chumba kina mlango mdogo unaofungukia puani. Mlango wa chumba cha shavu una upana wa milimita chache tu, na haukuwekwa chini kama tundu la kutolea maji bafuni, bali uko juu, karibu na dari. Ute ulioko ndani hauwezi kuteremka wenyewe ukatoka. Unapandishwa na vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa macho, ambavyo wataalamu huviita silia. Vinapiga pamoja, mara kumi hadi ishirini hivi kila sekunde, kama makasia ya mashua moja. Vinausukuma ute, pamoja na vumbi na vijidudu vilivyonaswa humo, hadi nyuma ya koo, nasi tunaumeza bila kujua.

Shikeni mambo hayo mawili: mlango mdogo na makasia. Tutayarudia.

Gesi ipo kweli

Mtu wa WhatsApp hakuizua gesi. Ipo, na jina lake ni naitriki oksaidi: atomu moja ya naitrojeni iliyoshikana na atomu moja ya oksijeni. Msiichanganye na naitrasi oksaidi, ile wanayovuta akina mama wa Uingereza kupunguza maumivu wakati wa kujifungua. Majina yanakaribiana, lakini ni gesi mbili tofauti.

Kwa miaka mingi naitriki oksaidi ilijulikana kama uchafu wa hewa unaotoka kwenye moshi wa magari. Katika miaka ya 1980 ndipo ilipothibitika kuwa mishipa yetu ya damu inaitengeneza yenyewe, na kwamba ndiyo inayoiambia mishipa ilegee na kupanuka. Kile kidonge cha naitrogliserini ambacho mgonjwa wa moyo huweka chini ya ulimi kifua kinapombana, kinafanya kazi kwa kutoa gesi hii hii mwilini. Wanasayansi watatu wa Marekani, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1998 kwa ugunduzi huo.

Habari ya pua ilianzia Sweden. Mwaka 1991 Lars Gustafsson na wenzake wa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, walionyesha kuwa pumzi tunayoitoa ina gesi hii. Swali likawa: inatoka wapi? Wengi wangesema mapafuni. Jon Lundberg, Eddie Weitzberg na wenzao wa taasisi hiyo hiyo walipopima, wakaona sehemu kubwa inatoka puani, na mwaka 1995 wakaeleza kuwa vyumba vya sainasi vinaitengeneza kwa wingi. Walipochota hewa ndani ya chumba cha shavu cha watu wenye afya njema, walikuta kiwango kinachokaribia kile cha juu kinachoruhusiwa kwenye hewa chafu.

Inafanya nini humo? Kwanza, kwa wingi huo inawadhuru vijidudu wengi wanaojaribu kukaa. Pili, inayachochea yale makasia yapige kwa nguvu. Tatu, tunapovuta hewa kwa pua, kiasi chake hushuka hadi mapafuni na kulegeza mishipa ya damu pale hewa inapofika, na damu ikachukua oksijeni vizuri zaidi. Anayehema kwa mdomo anaikosa faida hiyo, na anakosa pia kazi nyingine za pua: kuipasha hewa joto, kuilowesha na kuichuja. Hospitalini, watoto wachanga ambao mishipa ya mapafu yao imeshindwa kufunguka hupewa gesi hii kwa mashine, kwa vipimo vidogo vidogo. Marekani iliidhinisha tiba hiyo mwaka 1999.

Kuna na jambo la ladha, ambalo naona watu wengi hawalijui. Mwaka 1931 mkemia wa Marekani, Arthur Fox, alikuwa akishughulika na unga wa kemikali fulani maabara, ukapeperuka hewani. Mwenzake akalalamika kuwa ni mchungu mno mdomoni. Fox mwenyewe hakuhisi kitu. Leo inajulikana kuwa tofauti hiyo ni ya kurithi, na inatokana na kipokezi cha ladha ya uchungu kinachoitwa T2R38. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walionyesha kuwa kipokezi hicho kipo hata ndani ya pua na sainasi. Huko hakionji chakula. Kinahisi kemikali ambazo baadhi ya bakteria huzitumia kupashana habari, na kikizihisi, seli zinatoa naitriki oksaidi papo hapo, makasia yanaongeza kasi na bakteria wanauawa. Wenye aina ya kipokezi isiyohisi vizuri, ulinzi wao huamka kwa udhaifu. Kwa hiyo ndugu anayeshikwa na sainasi kila mara si lazima awe mzembe wa kuvaa sweta. Huenda amerithi pua isiyogutuka upesi.

Je, kuvuma kunatibu?

Mwaka 2002 Weitzberg na Lundberg walilinganisha mtu anapotoa pumzi puani kimya na anapotoa pumzi hiyo huku akivuma. Alipovuma, gesi iliyotoka puani iliongezeka takriban mara 15. Sauti inaitikisa hewa, na hewa ya puani na ile ya vyumbani zinabadilishana upesi kupitia milango yake. Hiki ndicho chanzo cha ile sauti ya WhatsApp, na hadi hapo msemaji yuko sawa.

Lakini kuna mambo matatu hakuyasema.

La kwanza, ukivuma mfululizo, gesi inapungua kila mara, na hairudi kuwa nyingi mpaka unyamaze dakika kadhaa. Kuvuma kunatoa gesi iliyokuwa imekusanyika vyumbani. Ni kama kufungua mlango wa chumba kilichofukizwa udi: harufu ya kwanza inakupiga usoni, lakini ukifungua na kufunga mara kumi, ya kumi hainuki kitu. Kwa hiyo kuvuma mara mia hakukupi faida ya mara mia.

La pili, kuvuma kunahitaji milango iliyo wazi. Watafiti walipowapima watu wenye nyama za pua, au wale ambao milango yao imeziba kwa uvimbe, lile ongezeko halikuonekana. Yaani mwenye shida zaidi ndiye asiyepata kitu. Ndiyo maana kuvuma kumewavutia watafiti kama njia ya kupima iwapo milango iko wazi.

La tatu, kuongezeka kwa gesi si sawa na kupona kwa mgonjwa. Ushahidi wa kwamba kuvuma kunaponya sainasi bado ni mdogo na hautoshi kumwachisha mtu dawa. Na tukumbuke kuwa sainasi inayofuata mafua ya kawaida mara nyingi hupona yenyewe ndani ya wiki mbili au tatu. Aliyevuma wiki tatu atasifu kuvuma. Aliyekunywa tangawizi wiki tatu atasifu tangawizi. Shemeji hakusema uongo, ila huenda angepona tu.

Basi dada yangu, vuma ukipenda. Haikudhuru. Lakini kazi yako kubwa ni kufungua milango, na hilo lina njia zake.

Kufungua milango

Njia inayopendekezwa sana na isiyo na gharama ni kusafisha pua kwa maji ya chumvi. Chemsha maji kiasi cha zaidi kidogo ya nusu lita, yaache yapoe, kisha tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kimoja cha bikaboneti ya soda, ile ya kuumulia keki. Si magadi ya kuivisha maharage. Hayo ni makali. Inama juu ya sinki, vuta maji kwa tundu moja la pua kutoka kiganjani au tumia chupa maalumu ya duka la dawa, yaache yatoke, kisha fanya tundu la pili. Tengeneza maji mapya kila siku, na chupa ioshwe ikaushwe.

Nasisitiza kuchemsha maji. Katika maji ya vuguvugu yasiyotiwa dawa anaweza kuishi amiba aitwaye Naegleria fowleri. Ukimnywa hana neno, lakini akipandishwa juu puani anaweza kufika kwenye ubongo, na karibu kila aliyempata amekufa. Ni nadra sana. Hata hivyo, huko Karachi wamekufa watu ambao hawakuogelea popote, na maji ya bomba waliyoyapandisha puani wakati wa kutawadha yakashukiwa. Sisemi hivi kumtisha mwenye kutawadha. Asiyefunga avute kwa upole, hakuna haja ya kuyafikisha kwenye ubongo. Na walio Ghuba, ambako tangi la juu ya dari huchemka na jua, wahakikishe tangi linasafishwa na maji yana dawa. Lakini kusafisha sainasi ni kazi tofauti na udhu, na maji yake ni ya kuchemsha au yaliyotoneshwa kwa mvuke, basi.

Dawa za kupuliza za kuzibua pua, zile zinazofanya kazi ndani ya dakika, zitumieni siku chache tu, zisizidi wiki. Zikizidi, pua inazizoea, inavimba zaidi dawa ikiisha, na mtu anaongeza dawa kuutibu uvimbe ulioletwa na dawa. Wanafunzi, najua wengi wenu mnayo moja mkobani tangu mwaka jana. Kama pua imeziba kwa mzio wa vumbi au chavua, au kwa nyama za pua, dawa inayofaa mara nyingi ni ya kupuliza yenye steroidi. Hiyo haizibui papo hapo. Hutumiwa kila siku, na huchukua siku kadhaa hadi wiki kuonyesha kazi yake.

Mafuta ya menthol ya kupaka yanakupa hisia kuwa pua imefunguka, ingawa njia ya hewa imebaki vile vile. Yana raha yake, lakini msiyahesabu kama tiba, na msiyatie ndani ya pua ya mtoto. Kujifukiza nako kunaburudisha, lakini sufuria ya maji ya moto chini ya shuka na mtoto juu yake ndiyo njia ya watoto wengi kuungua. Mtoto asifukizwe.

Antibayotiki hazisaidii mafua ya virusi, na daktari wa Ulaya akikunyima siku ya nne ya mafua si kwamba amekudharau kwa kuwa u mgeni. Huo ndio mwongozo wao kwa wote. Akikwambia rudi baada ya siku kumi kama hujapata nafuu, rudi kweli.

Mwisho kuna moshi. Wavutaji sigara wanapopimwa huwa na naitriki oksaidi kidogo kuliko wasiovuta, na moshi unayachosha makasia. Shisha ni moshi. Udi na ubani navyo ni moshi, hata kama una baraka za bibi. Kama nyumbani kuna mwenye pumu au pua isiyotulia, fukizeni nguo na chumba wakati yeye hayumo, na dirisha lifunguliwe.

Sasa tuje kwa mtoto

Nimesema barua ina habari moja. Isomeni tena: mafua na kikohozi cha makohozi havijamwacha tangu azaliwe Unguja, na siku za kwanza alikaa kwenye oksijeni.

Ndugu zake wanasema ni baridi ya huku. Lakini Unguja hakuna baridi ya Uingereza. Mafua ya hali ya hewa huja na kuondoka. Yana wiki mbaya, na yana miezi ya kupumzika. Mafua yasiyo na msimu, yaliyopanda ndege na mtoto kutoka joto la Unguja yakashuka naye kwenye baridi, hayo hayakutoka hewani. Yamo ndani ya mtoto mwenyewe, na yanahitaji kutafutwa sababu.

Sababu ziko nyingi, na nyingi ni za kawaida: mzio, pumu, tezi za nyuma ya pua zilizokua mno. Lakini kuna moja ambayo ni adimu na huchelewa sana kugunduliwa, na hapa ndipo ile gesi inapokuwa na faida kubwa. Kuna watoto wanaozaliwa na silia zenye hitilafu. Makasia yapo, lakini hayapigi, au yanapiga ovyo. Ute haupandi, haushuki. Unakaa kwenye sainasi, masikioni na mapafuni. Hospitalini ugonjwa huu huitwa kwa herufi tatu, PCD. Zishikeni herufi hizo, kwa sababu ndizo daktari atakazozielewa.

Mwaka 1994 Lundberg na wenzake walipowapima watoto wenye silia za namna hii, walikuta naitriki oksaidi puani mwao ni kidogo mno, karibu na hakuna. Tangu hapo kipimo cha gesi ya pua kimekuwa mojawapo ya njia za kwanza za kuutafuta ugonjwa huu. Hakina sindano wala maumivu. Mrija mdogo huwekwa kwenye tundu la pua na kuvuta hewa taratibu, huku mtoto akipuliza kwa mdomo kama anayepuliza puto. Mtoto wa miaka 5 na kuendelea kwa kawaida anaweza kushirikiana nacho. Kiwango kidogo peke yake si hukumu, kwa kuwa nyama za pua, sainasi zilizoziba na ugonjwa wa sistik faibrosisi pia hushusha gesi. Ndiyo maana hufuatiwa na vipimo vingine: seli za pua huchukuliwa kwa brashi ndogo na kutazamwa kwa hadubini, na damu hupimwa jeni.

Mzazi ajiulize maswali manne:

Je, mtoto alizaliwa miezi ikiwa imetimia, lakini akapata shida ya kupumua siku za kwanza mpaka akahitaji oksijeni?

Je, ana kikohozi chenye makohozi mwaka mzima, kilichoanza kabla hajafikisha miezi sita?

Je, pua yake imeziba au inatiririka mwaka mzima, nayo ilianza kabla ya miezi sita?

Je, aliwahi kupigwa picha ikaonekana moyo wake uko kulia, au viungo vya tumbo vimekaa upande usio wake? Hali hii huonekana kwa takriban nusu ya wenye PCD.

Jibu la ndiyo kwa maswali mawili au zaidi linatosha kumwomba daktari rufaa. Ongezeni na la masikio: usaha au maji yasiyokauka, au mtoto kusikia kwa shida. Huyu wa barua yetu ana ndiyo tatu.

PCD ni adimu. Makadirio ya kawaida ni kama mtoto 1 kati ya 10,000. Hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, kila mmoja akiwa amebeba jeni bila kuumwa, na kwa hiyo huonekana zaidi katika jamii ambazo binamu huoana, kama zilivyo nyingi za kwetu pwani na Uarabuni. Hakuna aliyefanya kosa. Haikuletwa na barafu aliyokula mama akiwa mjamzito, wala si jicho la mtu. Na kama kuna ndugu zake wenye dalili kama hizo, nao wapimwe.

Hakuna dawa ya kuyarudishia makasia nguvu zake. Kwa nini basi tuhangaike kujua? Kwa sababu ute unaokaa mapafuni mwaka baada ya mwaka unaharibu mirija ya hewa, na uharibifu huo haurudi nyuma. Mtoto aliyetambuliwa mapema hufundishwa mazoezi ya kila siku ya kutoa makohozi, hupewa antibayotiki kwa wakati unaofaa, hupimwa masikio ili asibaki nyuma darasani kwa kutosikia, na hufuatiliwa mapafu. Wengi wanasoma, wanacheza mpira, wanazeeka. Anayeambiwa "akikua ataacha" anapoteza miaka ambayo ndiyo ingemfaa.

Jinsi ya kumweleza daktari

Huku ugenini tunapewa dakika kumi, na nusu yake inakwenda kwenye lugha. Andika kwenye karatasi kabla hujaenda: alizaliwa wiki ya ngapi, alikaa kwenye oksijeni siku ngapi, kikohozi kilianza mwezi gani, kipindi kirefu kabisa alichowahi kukaa bila mafua. Kama hakuna, andika: hakuna. Ukiwa na kadi ya kliniki ya nyumbani, ichukue hata kama imechakaa. Uingereza una haki ya mkalimani bila malipo. Omba unapoweka miadi, na usimfanye mtoto wako mkubwa kuwa mkalimani wa ugonjwa wa mdogo wake. Kisha sema waziwazi kwamba unaomba mtoto achunguzwe kama ana PCD. England ina vituo maalumu vya uchunguzi huo London, Leicester na Southampton, na daktari wa kawaida hutuma rufaa kupitia kwa daktari wa watoto. Marekani na nchi nyingine za Ulaya nazo zina vituo vyake. Walio Ghuba waulizie daktari wa mapafu ya watoto.

Na kwa kila mtu, mkubwa na mdogo, yako mambo ambayo hayangoji miadi: uvimbe au wekundu kuzunguka jicho, kuona viwili viwili, kichwa kuuma vikali pamoja na shingo kukakamaa, au kuchanganyikiwa. Hayo ni ya hospitali usiku huo huo. Mtoto mdogo ambaye tundu moja tu la pua linatoa usaha unaonuka, atazamwe kama ametia shanga au kipande cha sponji.

Mama wa barua hii sikumngojesha mpaka safu itoke. Nilimjibu siku ile ile, akaandika karatasi yake, akaenda. Juzi ameniambia rufaa imepita na tarehe ya kipimo imepangwa. Huenda ikaonekana ni PCD, huenda ikawa mzio na tezi tu. Hatujui, na si kazi ya safu hii kubashiri. Kwa sasa amemwambia mwanawe apumzike na kuvuma, maana mtoto alikuwa ameshachoka kuhesabu mpaka mia.

Tukutane toleo lijalo, panapo majaaliwa. Swali lako likiwa na habari ndani yake, iandike habari hiyo mwanzoni.